Harufu Haisubiri: Pua za Wanyama, Pua za Kielektroniki na Milisekunde Tunazozitupa

Kihisi cha gesi cha aina ya MQ, kama vile vinavyouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, huja na maelekezo yale yale ya mdomo: kiwashe, kiache kipate moto, kisogeze penye harufu, subiri namba itulie, ndipo usome. Kwa mtu anayetaka tu kujua kama jikoni kuna gesi iliyovuja, hayo yanatosha. Kwa anayetaka kuunda pua ya kielektroniki, chombo cha kutambua harufu ni ya nini na inatoka upande gani, huko kusubiri ndiko kunakoharibu kazi. Habari iliyo bora imo katika ule muda namba inapopanda na kushuka, na ndiyo hiyo inayotupwa. Mbu hatupi habari hiyo. Mende hatupi, wala panya.

Moshi wa chetezo

Jambo hili huonekana kwa macho. Weka ubani kwenye chetezo, zima feni, funga madirisha. Moshi utapanda umenyooka kwa sentimita kadhaa, kisha utaanza kujipinda, utagawanyika, na huko juu utakuwa vipande vinavyozungukana. Sasa fungua dirisha mchana, upepo wa bahari uingie. Ule mstari ulionyooka haupo tena. Moshi unararuliwa pale pale unapotoka, na kati ya kipande na kipande pana hewa safi kabisa. Harufu isiyoonekana, iwe ya samaki pale Feri au ya petroli kituoni, husafiri hivyo hivyo. Haiji kama wingu lililosambaa sawasawa. Inakuja nyuzi nyuzi.

Sababu ni kwamba molekuli zenyewe hazifiki mbali kwa nguvu zao. Mvuke wa spiriti ukiachwa usambae wenyewe katika hewa iliyotulia kabisa utachukua takribani nusu siku kufika mita moja. Upepo wa mita 2 kwa sekunde unaufikisha kwa nusu sekunde. Kwa hiyo mbebaji ni hewa, na hewa ya mjini, inayogonga kuta, mabati, daladala na watu, haitulii. Piga hesabu: uzi wa harufu wenye upana wa sentimita 2, kwenye upepo wa mita 2 kwa sekunde, unapita mbele ya pua kwa milisekunde 10. Upepo ukifika mita 4 kwa sekunde, zinabaki milisekunde 5. Kisha hewa tupu, kisha uzi mwingine.

Kuja huko na kukatika kuna maana yake. Karibu na chanzo nyuzi ni nyembamba na kali, na zinaanza ghafla. Ukienda mbali zinapanuka, zinafifia, mwanzo wake unakuwa wa taratibu, na vipindi vya hewa tupu vinarefuka. Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: harufu mbili zinazotoka chanzo kimoja hupanda na kushuka pamoja, maana zimebebwa na uzi mmoja. Za vyanzo viwili hupishana. Harufu ya mafuta ya moto na ya samaki kwenye karai moja hufika pamoja. Harufu ya mtaro ulio mita chache pembeni hufika kwa wakati wake. Pua inayosoma kupishana huko inaweza kutenganisha vitu ambavyo kikemia vimeshachanganyika.

Wadudu wana njia fupi

Kwa mnyama mwenye uti wa mgongo, molekuli ya harufu ikishika kwenye kipokezi huanzisha mlolongo wa kemikali ndani ya seli, na mwisho wa mlolongo huo ndipo mlango wa chaji za umeme hufunguka. Kwa mdudu, kipokezi chenyewe ndicho mlango. Hilo lilionyeshwa mwaka 2008, na linaeleza kasi yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulipima seli za kunusia za wadudu kadhaa na kukuta zikianza kuitikia chini ya milisekunde 2, na zikifuata mikupuo ya harufu inayozidi 100 kwa sekunde. Nyuki naye anaweza kutofautisha harufu mbili zilizofika pamoja na zile zilizopishana kwa milisekunde 6 tu.

Tazama pia mahali pua ilipo. Vipapasio vimetokeza nje, vinyweleo vyake vimesimama kwenye upepo. Hakuna bomba wala chumba ambacho hewa ya zamani inaweza kubaki ikachanganyika na mpya. Mtu anayeunda chombo aliweke hilo akilini, maana tutalirudia.

Nondo dume anayemfuata jike haendi moja kwa moja. Akipata mkupuo wa harufu hukaza mwendo kuelekea upepo unakotoka. Ikikatika, huacha kusonga mbele na kuanza kuyumba kulia na kushoto akikata upepo, hadi uzi mwingine umguse. Ukimweka ndani ya wingu la harufu lisilokatika, hushindwa kuendelea vizuri ingawa harufu ni nyingi. Kukatika ndiko kunakomwongoza.

Mbu wetu hufanya yanayofanana na hayo kwa kaboni dayoksaidi tunayoitoa puani. Majaribio ya mwaka 1999 kwa mbu wa Aedes aegypti, yule anayeeneza dengu, yalionyesha kwamba kaboni dayoksaidi ikija kwa nyuzi zilizovurugika humvuta kuelekea upepo vizuri kuliko ikija laini. Harufu ya ngozi ya binadamu ilikuwa kinyume: ikija laini ndiyo ilimvuta zaidi. Naona hilo lina mantiki. Pumzi hutoka kwa mikupuo na hufika mbali, ngozi hutoa harufu mfululizo na huwa na maana mbu akishakaribia. Feni inayompulizia mtu aliyelala nayo ina kazi mbili: inaitawanya pumzi hadi ififie, na inaleta upepo unaomshinda mbu, ambaye mwendo wake ni takribani mita moja kwa sekunde. Hiyo ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi. Chandarua bado kinahitajika.

Panya: seli nzito, pua nyepesi

Linda Buck na Richard Axel walipozigundua jeni za vipokezi vya harufu mwaka 1991, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, ilidhihirika kwamba panya ana aina zipatazo 1,000 za vipokezi, na binadamu takribani 400. Kila kipokezi kina ule mlolongo wa kemikali, ambao ni mzito. Seli moja huchukua makumi hadi mamia ya milisekunde kuitikia. Kwa muda mrefu ilidhaniwa basi kwamba mnyama anayenyonyesha hupata picha moja kwa kila mvuto wa pumzi, na hakuna zaidi.

Mwaka 2021 timu ya Francis Crick Institute, London, ilichapisha majaribio yaliyovunja dhana hiyo. Panya wa maabara walifundishwa kutofautisha harufu mbili zinazowaka na kuzima pamoja na zile zinazopokezana, yaani moja inakuja nyingine inakatika. Waliweza hata mabadiliko yalipofika 40 kwa sekunde, kasi inayozidi sana ile ya kuvuta pumzi kwao. Seli moja peke yake isingeweza. Lakini maelfu ya seli za aina moja hupeleka ishara zao kwenye kifundo kimoja katika ubongo, na makosa madogo ya muda ya kila seli yanafutana. Kinachobaki ni kipimo cha muda kilicho sahihi kuliko seli yoyote iliyokitoa. Hata binadamu hatumo nje: utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mtu anaweza, ndani ya mvuto mmoja wa pumzi, kuhisi tofauti ya mpangilio wa harufu mbili zilizopishana kwa takribani milisekunde 60.

Hapa Tanzania mfano ulio karibu ni panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Kwenye kazi ya kifua kikuu, sampuli zilizouliwa vijidudu kwa joto hupangwa chini ya matundu, panya hupita tundu hadi tundu, na akipata anachokitafuta huganda na pua tunduni kwa sekunde kama 3. Shirika hilo husema panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20. Tazama anavyofanya pale tunduni: hanusi mara moja. Panya akichunguza kitu huvuta hewa kwa mikupuo mifupi, hata mara 10 kwa sekunde. Yaani pale ambapo harufu yenyewe haikatiki, yeye anaikata kwa pumzi yake. Mbwa hufanya hivyo mara kama 5 kwa sekunde, na hewa anayotoa hupitia nyufa za pembeni ya pua ili isipeperushe harufu iliyo mbele.

Kwa nini kihisi cha MQ ni kizito

Vihisi vya oksidi ya bati vilianza na Naoyoshi Taguchi wa Japani, aliyeviombea hataza mwaka 1962. Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walionyesha mwaka 1982 kwamba vihisi kadhaa visivyochagua sana, vikisomwa kwa pamoja, vinaweza kutenganisha harufu. Fikra ni ile ile ya pua, ila vihisi vichache na mwendo wa taratibu.

Ndani ya MQ kuna bomba dogo la kauri lililopakwa oksidi ya bati, na hita imepita katikati. Oksijeni ya hewani hushika juu ya oksidi na kukamata elektroni, ukinzani unapanda. Gesi inayoungua kwa urahisi ikifika, huila ile oksijeni, elektroni zinaachiwa, ukinzani unashuka. Uzito wake wa kuitikia una vyanzo vitatu. Kwanza wavu wa chuma ulio juu, ambao hewa hupenya kwa kusambaa tu. Pili unene wa tabaka lenyewe, maana gesi lazima iingie ndani ya vitundu vyake na itoke. Tatu ni kemia: kushika ni haraka, kuachia ni taratibu, ndiyo maana kushuka huchukua muda mrefu kuliko kupanda. Kuna wanaoshauri wavu ung'olewe ili kuongeza kasi. Usifanye hivyo penye gesi ya kupikia au petroli. Wavu upo ili moto wa ndani usitoke nje.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, wakishirikiana na wenzao wa Crick, walichapisha pua ya kielektroniki iliyotenganisha mpangilio wa harufu zinazobadilika hadi mara 60 kwa sekunde, yaani kupita hata panya waliopimwa. Walitumia vihisi vidogo vya oksidi ya metali ambavyo hita yake ni nyepesi mno, wakavipandisha na kuvishusha kati ya nyuzi joto 150 na 400 za Selsiasi hadi mara 20 kwa sekunde. Kila joto huamsha mwitikio tofauti kidogo, hivyo kihisi kimoja kinatoa alama nyingi za harufu moja. Ni mvuto wa pumzi wa panya, umefanywa kwa joto.

Kuiunda kwa vifaa vinavyopatikana

Kwa MQ hutafika mara 60 kwa sekunde. Utatoka kwenye sekunde nyingi hadi sehemu ya sekunde, na hiyo tayari inafungua mengi. Anza na vihisi vinne, kwa mfano MQ-2, MQ-3, MQ-4 na MQ-135.

Umeme kwanza, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Hita ya MQ ina ukinzani wa takribani omu 33. Kwa volti 5 inakula miliampia 150. Vinne vinakula 600, na mlango wa USB wa kawaida wa kompyuta hutoa 500. Volti inashuka, hita zinapoa, namba zote nne zinahama kwa pamoja, na mtu anadhani ni harufu. Tumia chaja ya simu ya volti 5, ampia 2, uunganishe waya wake hasi na ule wa Arduino, bodi ndogo inayosoma vihisi. Kihisi kipya kiache kiwake siku nzima, hata mbili, kabla ya kukiamini. Baada ya hapo nusu saa kila unapoanza.

Pili, rezista ya mzigo, yaani ile ambayo volti yake ndiyo unayoisoma. Bodi nyingi za bei rahisi huja na rezista ndogo iliyoandikwa 102, yaani omu 1,000. Ni ndogo mno kwa kazi hii, na mabadiliko madogo hayaonekani. Weka ya kiloomu 10 hadi 20 kama mwanzo, kisha rekebisha hadi hewa safi isomeke karibu na volti 1.

Tatu, kifaa cha kusoma volti. Arduino Uno hugawa volti 5 kwa hatua 1,024, kila hatua milivolti 4.9. Utaona sasa hivi kwa nini hazitoshi. Ongeza bodi ya ADS1115: ikiwekwa kwenye kipimo cha volti 6.144, hatua yake ni milivolti 0.1875, na inaweza kusoma vihisi vinne mara 100 kwa sekunde kila kimoja. Ukitumia bodi ya ESP32 badala ya Uno, kumbuka pini zake haziwezi kupokea volti 5.

Sasa hesabu yenyewe. Kihisi kizito kinafanana sana na kifaa kinachoifuata harufu kwa kuchelewa kwa muda maalumu, tuuite T. Ukijua T, harufu halisi unaikadiria hivi: usomaji wa sasa, jumlisha T mara kasi ya mabadiliko ya usomaji. Kupata T, lowesha pamba kwa spiriti, iweke kwenye chupa yenye kifuniko, fungua na ukisogeze kihisi mdomoni kwa ghafla. T ni muda unaopita hadi usomaji ufike asilimia 63 ya kimo chake. Rudia kwa kukitoa, utapata T nyingine ndefu zaidi. Tumia ya kupanda kwa kazi nyingi. Geuza volti kuwa ukinzani kwanza (gawa volti ya chanzo kwa volti iliyosomwa, toa moja, kisha zidisha kwa rezista ya mzigo), kisha chukua kinyume chake, maana hicho ndicho kinachoenda sambamba na gesi.

Hapa ndipo hatua za milivolti 4.9 zinapoua. Ukisoma kila milisekunde 10, kuruka hatua moja tu kunaonekana kama kasi ya volti 0.49 kwa sekunde. Zidisha kwa T ya sekunde 3: volti 1.5 za kelele tupu. Kwa ADS1115 kelele hiyo ya hatua moja ni volti 0.06. Hata hivyo lazima uchuje. Wastani wa usomaji 10 hadi 20 mfululizo unatosha. Ukichuja zaidi unaua kile ulichokuwa unakitafuta.

Njia hii ina faida moja ambayo kwa Dar es Salaam ni kubwa kuliko ya kasi. Oksidi ya bati inaathirika sana na unyevu, na mji wetu una unyevu mwaka mzima, tena hubadilika asubuhi hadi jioni, kaskazi hadi kusi. Anayesoma namba iliyotulia anapigana na unyevu kila siku. Anayesoma kasi ya mabadiliko hahangaiki nao sana, kwa sababu unyevu hubadilika kwa dakika na saa, harufu hubadilika kwa sekunde. Kuhama taratibu kwa namba kihisi kinapozeeka nako huondoka kwa njia hiyo hiyo. Isipokuwa mlango wa chumba chenye kiyoyozi: ukifunguliwa, hewa yenye unyevu huingia kwa mkupuo na kihisi hudanganyika kabisa. Weka kihisi cha unyevu pembeni ili ulijue tukio hilo.

Bomba na pampu ni mtego. Bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 4 na urefu wa mita 1 hubeba mililita 12.6, pampu ya mililita 500 kwa dakika hulimaliza kwa sekunde 1.5. Kuchelewa si tatizo, kuparaganyika ndilo tatizo: hewa ya katikati ya bomba huenda mara mbili ya mwendo wa wastani, ya ukutani huburuta, na mikupuo iliyoingia imetengana hutoka imekuwa donge moja. Bomba la mpira tena hunywa harufu na kuitoa baadaye. Kama wadudu, weka vihisi wazi kwenye upepo. Ikilazimu bomba, liwe fupi na la tefloni. Na gundi ya silikoni usiitumie popote kwenye kifaa. Mvuke wake huua oksidi ya bati, na kihisi kilichokufa hivyo hakifufuki.

Ukishapata mkondo wa kasi ya mabadiliko, hesabu mikupuo: kila inapovuka sifuri kwenda juu na kufika kimo ulichokiweka, ni mmoja. Mtafiti Michael Schmuker na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba idadi ya mikupuo hiyo kwenye vihisi vya oksidi ya metali inakadiria umbali wa chanzo, hata pale wastani wa usomaji unapopotosha. Jaribu kwa feni ya mezani na kikombe cha spiriti, kihisi kikiwa nusu mita, mita 1 na mita 2, kwa dakika tano kila mahali. Fanya hivyo kwenye baraza iliyo wazi, si chumbani: ndani ya chumba kilichofungwa hewa ile ile huzunguka, harufu hujaa, na kufikia kituo cha tatu hakuna tena hewa tupu kati ya mikupuo. Tenga spiriti na moto.

Kwa vihisi viwili vya aina moja vilivyoachana sentimita 20, mkupuo ukigusa kimoja kabla ya kingine unakupa upande upepo unakotoka. Kwa vihisi vya aina tofauti, angalia kama mikupuo yao inapanda pamoja au inapishana; hicho ndicho kipimo cha panya wa London, na kinafanya kazi hata kwa vifaa hivi. BME688, kihisi kidogo cha gesi cha oksidi ya metali, nayo inafaa kuongezwa kwa kuwa hita yake inapangwa kwa hatua hadi 10, ila mzunguko wa kawaida wa mtengenezaji unazidi sekunde 10. Andika wako, wa hatua mbili au tatu fupi, la sivyo umenunua kifaa cha kasi na kukitumia kama MQ.

Na usihifadhi namba zilizokwisha kuchujwa. Hifadhi usomaji ghafi wote pamoja na saa, unyevu, joto na mwelekeo wa upepo. T uliyoipima leo itabadilika kihisi kikizeeka, na bila data ghafi hutaweza kurudia hesabu.